Kijiko cha Goliati

Serikali ilitoa siku tatu. Kwa kutengeneza daraja lililochomwa na waasi wa Simba, miezi mitatu haikuitosha. Kwa kukusanya vitu vya watu, siku tatu zilikuwa nyingi hata zikabaki. Tangazo lilisomwa sokoni Butembo siku ya Jumatano, likasomwa tena mbele ya kanisa: kila mtu mwenye kitu cha Mzungu nyumbani kwake akipeleke biro ya serikali kabla ya Jumamosi. Atakayeonyesha kwamba ni chombo cha kazi yake, na kwamba anajua kukitumia, atarudi nacho. Atakayeshindwa, kitu ni cha serikali, na yeye mwenyewe ni Mulele, muasi aliyepora, atapelekwa gerezani Beni. Atakayeficha, hakuna haja ya kueleza.

Zorobabel, seremala wa Rughenda, alisikia tangazo akiwa na ubao kichwani. Hakuutua. Alifika nao mpaka nyumbani, akautupa uani hata kuku wakaruka, akamwambia mke wake Agar:

“Mama Mariette, lete jembe.”

Agar hakuuliza jembe la nini. Walikwenda nyuma ya jiko, binti yao Mariette akasimama njiani kuangalia nani anapita, na wao wawili wakachimba tuta la viazi vitamu mpaka jembe likagonga ubao. Sanduku lilikuwa limelala pale tangu mwezi wa nane, Simba walipoingia. Simba walikuwa wanatafuta vitu vya Wazungu. Sasa Simba wamefukuzwa, na waliowafukuza wanatafuta vitu vilevile.

Sanduku hilo lilikuwa la Mzungu mjenzi, Bwana Kipimo, kama watu walivyomwita, ambaye Zorobabel alimfanyia kazi miaka kumi na miwili, Alimbongo na Butembo. Mwezi wa saba mwaka wa sitini alikimbilia Uganda na valizi moja na mbwa wake. Aliteremsha kioo cha gari akasema, “Zoro, sanduku ni yako,” kisha akapandisha kioo. Mbwa alipewa nafasi ya mbele na karatasi za kuvuka mpaka. Sanduku halikupewa hata barua.

“Fungua tuone kama wamekufa,” Agar alisema.

Hawakuwa wamekufa. Kila chombo kilikuwa kwenye kitanda chake, kwa maana Bwana Kipimo alichonga ndani ya sanduku mahali pa kila kimoja, kwa umbo lake, na hata kipofu angejua nani hayupo. Vyote vilikuwa vyombo vya kutobolea mbao. Wakaanza kuvifuta kutu kwa mafuta ya mawese, kimoja kimoja.

Jumaine aliwakuta hapo. Alikuwa Mwislamu wa Beni mwenye nyumba karibu na soko la Butembo na kamyoneti ya kubebea maharage na abiria. Zorobabel ndiye aliyemtengenezea karoseri ya mbao, mwili wa gari pale nyuma, tundu kwa tundu, buloni kwa buloni.

“Kesho kutwa nitakubebea ile sanduku,” Jumaine alisema akichuchumaa. “Mais uniambie majina yabo. Kule biro banauliza majina. Ile ndogo inaitwa je?”

“Mukia ya nguruwe.”

“Astaghafirullah! Ndani ya gari yangu?”

“Ni chuma, Jumaine. Haili viazi.”

“Ifunge na kitambaa, ndugu yangu. Bibi yangu Hadidja akisikia nimebeba nguruwe ataosha gari na mimi ndani.”

Agar alicheka, na ndiyo mara ya mwisho aliyocheka wiki ile. Alikuwa ameshika kile kirefu. Kilikuwa fimbo ya chuma ndefu kuliko Agar mwenyewe, juu kina mti wa kushika kwa mikono miwili kama msalaba, na chini hakina ncha ya kuzunguka kama vingine. Kina kijiko. Kijiko kirefu, chembamba, chenye makali upande mmoja, kama cha kulishia jitu. Bwana Kipimo hakutaja jina lake hata siku moja. Alinyoosha mkono akisema “ile,” na Zorobabel alijua “ile” ni ipi. Kwa hiyo wao wenyewe, watu wa kanisa, walikipa jina: Kijiko cha Goliati.

“Huyu turudishe mu udongo,” Agar alisema. “Hakuna mutu atajua ni ya nini. Atatuuwa.”

“Na kitanda chake? Watafungua sanduku, wataona mutu mumoja haiko, watasema, nani alilala hapa?” Zorobabel alikichukua mkononi mwake. “Mimi minajua ni ya nini.”

“Wewe na nani?”

Alimtazama. “Mimi na wewe.”

Ndivyo ilivyokuwa. Kule Alimbongo walitoboa kwa kijiko hicho magogo ya kupitishia maji, toka chemchemi mpaka nyumba ya Mzungu, magogo zaidi ya mia. Gogo hutobolewa kwa urefu, kutoka kichwani, halafu kutoka miguuni, na matundu mawili yakutane katikati, mahali ambapo jicho haliingii. Anayezungusha huona kama anakwenda kulia au kushoto. Kama anapanda au anashuka, hawezi kuona. Macho yake yako nyuma ya chuma. Lazima mtu asimame kando, mbali kidogo, aangalie chuma na gogo kama mstari mmoja. Bwana Kipimo alijaribu vijana wanne. Siku ya tano Agar alileta chakula, mtoto mgongoni, akatazama kidogo akasema, “Inapanda.” Mzungu akapima, ilikuwa inapanda. Toka siku ile hakuna mwingine aliyesimama pale. Kwa mshahara, Agar aliandikwa kama nusu mfanyakazi mpaka kazi ikaisha.

*

Siku ya Ijumaa, saa mbili, uwanja wa biro ulikuwa umejaa. Mama mmoja alileta beseni. Mzee mmoja alileta pazia moja lenye maua, la dirisha ambalo nyumba yake haina. Mwingine alishika pampu ya baiskeli na kueleza kwa kila mtu kwamba baiskeli yenyewe hajawahi kuiona. Watu hao ndio serikali ilikuwa inawatafuta. Waliochukua malori walikuwa wameshafika Kampala.

Zorobabel alikaa juu ya sanduku lake.

“Simama!” askari alisema. Aliitwa Kadogo, ingawa alipita mlango kwa kuinama. “Hii ni ya État sasa, ya serikali.”

“Bado, chef. Hawajaniuliza.”

“Simama nayo hiyo bado yako.”

Akasimama saa mbili nzima mbele ya kiti alichokibeba mwenyewe.

Walipomwita ndani ya ua, Agar alishika kishikio cha pili cha sanduku, kama wabebavyo siku zote. Kadogo akanyoosha bunduki kati yao. “Mama, zonga. Rudi nyuma. Walioitwa ni wenye vitu.” Jumaine akabeba upande wa Agar, akaliweka chini, naye akarudishwa nje ya ua wa matete, kando ya Agar.

Komisere, mkuu wa biro, alikaa chini ya baraza, miguu juu ya kiti cha pili. Alitoka mbali, Kiswahili alikisema kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Pembeni yake karani Apollinaire, kijana wa hapohapo, alikuwa na karatasi ndefu ya majina ya vyombo, imepigwa mashine. Watu wa Butembo walijua jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye karatasi hiyo: shemeji wa Komisere alikuwa amefungua karakana ya mbao huko Beni, upande wa Beu, na karakana haikuwa na chombo hata kimoja.

“Jina?” Apollinaire aliuliza.

“Zorobabel.”

“Jina ya kitu, Muzee. Hapana yako.”

Akainua cha kwanza, chuma chenye tumbo lililopinda la kushika kwa mkono mmoja na kichwa cha kukandamiza kwa mwingine. “Hii ni Kiwiko.”

Karani alitafuta kwa kidole. “Kiwiko haiko hapa.”

“Iko hapa,” Zorobabel alisema, akaiinua zaidi.

Askari wakacheka. Komisere hakucheka. “C’est un vilebrequin,” alisema polepole, kama anayegawa peremende. “Miaka kumi na mbili unafanya nayo kazi, na jina haujue?”

“Bwana Komisere, kuku yangu pia haina jina, mais minajua pahali inatagaka.”

“Andika: hajui jina.”

Hivyo ndivyo ilivyoendelea. Chombo cha pili, Msalaba, hakikuwa msalaba, kilikuwa tarière. Mkia wa nguruwe tu ndio uliofanana. Apollinaire aliinua uso akasema kwa furaha kwamba na Kifaransa kinasema vilevile, mkia wa nguruwe, na Komisere akamwambia hakuulizwa. Kisha kikaja kijiti chembamba cha chuma, chenye mizunguko kama parafujo na kigololi cha kusukuma juu na chini. Zorobabel alikiita Panda-Shuka. Alipoona jina limewachekesha tena, alisogea mezani. Alichukua rula ya karani, rula nyembamba ya mbao ambayo chuma kingine kingeipasua, akaiweka kwenye goti, akasukuma panda, shuka, panda, shuka. Unga ukamwagika. Akairudisha rula ikiwa na tundu dogo, duara, safi pande zote mbili.

“Sasa utaitundika ku musumari,” alisema.

“Aksanti, Muzee,” Apollinaire alisema kabla hajafikiri. Askari wakapiga makofi. Makofi hayo yalimchoma Komisere kuliko kicheko chochote. Akashusha miguu toka kwenye kiti.

“Na ile ndefu?”

Apollinaire aligeuza karatasi mbele na nyuma. “Haiko kabisa, Chef.”

“Ni ya jiko,” Komisere alisema. “Kijiko ya kupikia jeshi.”

“Hapana. Hii inatobolaka muti kwa urefu, toka kichwa mpaka miguu.”

“Usinidanganye. Mimi nilisoma shule ya ufundi miaka mbili. Kila chombo ya kutoboa iko na skuruba ku ncha, ili ijivute. Hii itajivuta na nini?”

Lilikuwa swali zuri, na Zorobabel, mpumbavu kama mafundi wote wanapoulizwa swali zuri, alisahau mahali alipo. Alieleza kwa mikono. Haijivuti. Ukiiweka juu ya mti mkavu itateleza kutwa. Unaichongea kwanza kikombe, inakaa humo, ndipo unaizungusha. Na kila mizunguko kumi unaitoa, unaitapisha takataka, unairudisha. Inakwenda polepole, lakini haiogopi urefu.

“Bien,” Komisere alisema. “Utatuonyesha.”

Kando ya ua kulikuwa na mkaratusi mbichi uliokatwa kwa ajili ya mlingoti wa bendera. Wakakata kipande cha hatua mbili, wakakifunga juu ya magogo mawili. “Unatoboa toka huku, unatoboa toka kule, matundu ikutane. Mpaka saa nane. Ikikutana, sanduku ni yako. Isipokutana, wewe ni mwizi mwenye kujua kuongea.”

“Ndiyo, Bwana Komisere. Naomba bibi yangu aingie.”

“Ya nini?”

“Yeye njo jicho, yeye anaangaliaka.”

Sasa kila mtu alicheka, hata mwenye pazia. “Hii ni examen, mutihani,” Komisere alisema. “Mutu anafanya examen yeye moja. Ama ulioa ili akufanyie kazi?”

*

Zorobabel alichonga kikombe chake, akaingiza kijiko, akaanza. Aliegemea msalaba kwa kifua, akazunguka nao mikono ikipokezana, akauvuta, akautapisha, akaurudisha. Ganda la mkaratusi lilitoa harufu ya dawa ya kifua. Asubuhi ile mikono yake ilikuwa mizito na salama. Kila mara alinyamaza kidogo, kwa mazoea, akisubiri sauti ya kando iseme “simama” au “tembea”. Haikuja. Akaendelea.

Agar, nje ya matete, alikuwa anaona mgongo wake tu. Mgongo haumwambii mtu kitu. Alitembea kando ya ua akitafuta mahali pa ubavuni, mahali pake. Na alipopafikia, kati yake na gogo palikuwa na jipu, gari ya Komisere. Aliinama aone chini ya jipu: aliona miguu ya mume wake. Alipanda jiwe aone juu yake: aliona kofia ya mume wake tu.

“Chef, naomba basogeze gari kidogo.”

“Sogeza nini?” Kadogo alisema. “Mama, unajua hii gari ni ya nani?”

“Najua. Sikusema niichukuwe. Nimesema isogezwe.”

“Ukitaka kuona film, enda sinema.”

Jumaine alimshika mkono. “Mama Mariette, acha. Huyu bunduki yake haina akili, na mwenyewe njo anaifwata.”

Saa sita ilipopita, upande wa kwanza ulikuwa umefika katikati. Zorobabel alifungua kamba, akageuza gogo, akachonga kikombe cha pili. Hakuwa amekula. Jua lilikuwa juu ya kichwa, na hapakuwa na mtu wa kumpa maji isipokuwa Apollinaire, aliyetazama glasi yake mwenyewe, akamtazama Komisere, akainywa. Karibu na saa saba Agar alisogea upande wa boneti ya jipu, akaona juu yake viwiko vya mume wake vinashuka. Alikuwa anavijua viwiko hivyo. Akichoka anavishusha, na kishikio kikishuka huku nyuma, kijiko kinapanda kule mbele.

“Baba Mariette!” alipaza sauti. “Inua mikono!”

Komisere aliruka. “Nani anapulizia mwanafunzi majibu? Akisema tena, ni zero!”

Zorobabel aliinua mikono. Lakini mtu aliyekwisha kupotea ndani ya giza, akiambiwa tu ainue mikono, atainua kiasi gani? Alikisia. Alikisia saa nzima iliyobaki. Kijiko kikaenda, kikaenda, kikapita mahali ambapo kingekuta uwazi. Mikono ilisubiri ule wepesi wa ghafla ambao huja matundu yakikutana. Haukuja. Akasukuma zaidi. Mti, mti, mti tu.

Saa nane Kadogo alivuta sigara, akaweka mdomo kwenye tundu moja, akapuliza. Watu wote walitazama tundu la pili. Moshi ulirudi ukamwingia Kadogo mwenyewe machoni.

“Voilà,” Komisere alisema. Hakuonekana mwenye huzuni. “Karani, andika. Mutu ameshindwa. Kitu ni ya État. Yeye, leo jioni, Beni.”

Zorobabel alisimama na kijiko mkononi. Alitaka kusema jambo, akafungua kinywa, na kilichotoka ni, “Nilisema ni jicho.” Askari mmoja akamnyang’anya kijiko, mwingine akatafuta kamba. Kamba waliyoipata ni ile aliyofungia gogo.

*

Hakuna aliyejua Agar alipitaje. Kadogo baadaye alisema alikuwa anapangusa macho. Alionekana tu amefika kwenye gogo, amepiga magoti, ameingiza bua refu la mtete tundu la kwanza, akalitoa, akalipima kwa mkono. Akaenda upande wa pili akafanya hivyohivyo. Hakuna aliyemzuia, kwa maana alikuwa anafanya kama mtu aliye nyumbani kwake.

“Ya asubui iko sawa,” alisema, bila kumwambia mtu. “Ya kisha saa sita imepanda. Imepita juu ya mwenzake. Katikati yabo kumebaki muti ya kidole kimoja.”

“Mama, toka pale!” Komisere alisema.

“Bwana Komisere, pasua gogo.”

“Nani wewe?”

“Pasua. Kama si kidole kimoja, unifunge na mimi. Kama ni kidole kimoja, ujue huyu mutu si mwizi. Mwizi hawezi kukosa kwa kidole kimoja. Mwizi angekosa kwa muti muzima.”

Mzee mwenye pazia alisema, “Eeh!” Mama mwenye beseni alisema, “Eeh!” Na askari, watu wa mishahara isiyofika, ambao tangu asubuhi walikuwa hawajaona jambo la kuwafurahisha isipokuwa rula, wakaanza kusema kwa Kilingala lipasuliwe, lipasuliwe. Kadogo mwenyewe akaleta shoka na kabari. Komisere aliona kwamba akikataa atakuwa anaogopa mwanamke na kipande cha mti.

Agar ndiye aliyeonyesha mahali pa kuweka kabari, juu, katikati, mstari mmoja. Zorobabel alikuwa amefungwa mikono, aliangalia. Kadogo akapiga mara nne. Mkaratusi ukalia, ukafunguka kama kitabu.

Yalikuwa pale. Tundu moja limetoka kushoto, limenyooka kama neno la kweli. La pili limetoka kulia, limeanza vizuri, kisha kidogo kidogo limepanda. Na katikati yalilala moja juu ya lingine kama watu wawili waliopeana migongo kitandani. Kati yao ukuta wa mti. Apollinaire alikuja na rula yake yenye tundu. Hakuhitaji kupima, Agar alikwisha kuweka kidole chake hapo, na kilienea kabisa.

Jumaine, nje ya ua, alipiga kelele, “Allahu akbar!” na watu wa kanisa wakaitikia “Amina!” bila kuona kosa.

Komisere alisubiri kelele ziishe. Alikuwa na wakati. Wakubwa wana wakati wote. Alitazama sanduku, akatazama gogo, akamtazama Agar kwa mara ya kwanza kama mtu.

“Mumufungue,” alisema. “Ni kweli. Huyu si mwizi. Ni menuisier, fundi wa mbao.”

Zorobabel alisugua mikono, akainama kushika kishikio cha sanduku. Agar akashika cha pili.

“Muache pale,” Komisere alisema.

“Bwana Komisere umesema...”

“Nimesema si mwizi. Sheria inasema nini? Karani, soma. ‘Mtu mwenye kuonyesha kwamba anajua kutumia kitu.’ Mtu, moja. Wewe peke yako umeshindwa, tumeona wote. Bila bibi yako haujui. Na bibi yako, anajua kuzungusha?”

“Hapana,” Agar alisema. “Mwanamuke hana mikono ya vile.”

“Donc, wewe hauwezi, na yeye hawezi. Kitu haina mwenyewe. Kitu yenye haina mwenyewe ni ya État.”

“Sisi wawili njo mwenyewe,” Agar alisema. “Andika nusu jina yake, nusu jina yangu.”

Komisere alimgeukia Apollinaire kwa upole. “Ku karatasi, kuko pahali pa jina ya mwanamuke?”

Apollinaire alitazama karatasi. Alikuwa mtoto wa hapo; mama yake alikuwa anasali benchi moja na Agar, benchi lililotobolewa na vyombo vile. Masikio yake yakawa ya moto.

“Haiko, Chef,” alisema.

Sanduku lilipakiwa jioni ile kwenda Beni. Lilipakiwa kwenye kamyoneti ya Jumaine, iliyochukuliwa na serikali kwa kazi hiyo bila kuulizwa, na lilikaa juu ya karoseri ambayo matundu yake yote lilitoboa lenyewe. Zorobabel na Agar waliachiwa gogo, kwa maana hata serikali haikuona la kufanya nalo. Walilibeba kwenda Rughenda, nusu moja kwa kila kichwa. Njiani Zorobabel alisema mara moja tu, “Kama ningalikula asubui.” Agar alisogeza nusu yake kichwani. Alikuwa amemwekea viazi. Ni Zorobabel aliyekataa kula.

*

Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, Zorobabel alikuwa anabeba magunia ya Jumaine sokoni. Mtu hawezi kutoboa kwa meno. Watu waliomjia na milango aliwaelekeza Beni, kwa shemeji wa Komisere, na walirudi na milango iliyopasuka kila penye msumari.

Siku moja Jumaine aliingia uani, akakaa, akazungusha kofia yake mkononi.

“Sema tu,” Agar alimwambia.

“Nimemuona Goliati.”

Zorobabel aliinua kichwa.

“Ku Beni. Ule shemeji alimujaribu juu ya muti mukavu, aliteleza kutwa, akamuuzisha kwa bale banapikiaka askari. Iko ndani ya sufuria, kubwa vile. Banakorogea maharage.”

 Zorobabel aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya fundi, si ya mtu mwingine: “Ile makali, baliitoa?”

“Mpishi anasema inakwaruzaka sufuria mubaya.”

“Hawakuitoa,” Zorobabel alisema.

Nje mvua ilikuwa imekolea. Nusu moja ya gogo Agar alikuwa ameiweka chini ya ukingo wa bati, upande uliopasuka juu, ikikinga maji. Maji yaliingia mfereji wa kwanza, ule wa asubuhi, yakakimbia yamenyooka mpaka katikati, yakakuta ukuta, yakasimama, yakajaa, yakamwagika chini mlangoni. Mfereji wa pili ulikaa mkavu kando yake. Wiki ya pili sasa Mariette alikuwa anafagia tope mahali palepale.

“Baba, uikate ile kidogo,” alisema. “Hata na kisu. Ni kidole tu, maji itapita.”

“Iache,” Zorobabel alisema.

“Mais inamwaga kila siku ku mulango!”

“Nimesema iache. Siku moja atakuja mukubwa mwingine, atauliza. Nitamuonyesha ile kidole.”

Agar alimtazama mume wake, akatazama maji. Aliinuka, akachukua sufuria, akaenda akaiweka chini ya gogo, pale pale katikati. Hakupima. Tone la kwanza liliingia.